Kama Kwenye Kanda

Mwanamke huyu watu humwita Breki, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Anafundisha udereva. Gari lake lina breki mbili, moja chini ya mguu wa mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wake, na waliopita mikononi mwake wanaapa kwamba ile ya pili ndiyo iliyoendesha gari siku zote. Ukigusa mstari, anakanyaga. Ukigeuza shingo kumtazama mpita njia aliyependeza, anakanyaga. Wapo waliofaulu mtihani zamani na mpaka leo bado wanauota ule mguu. Lakini hutamsikia hata mmoja akisema kwamba alikuwa mwalimu mbaya, maana wote wazima na magari yao yana taa zote.

Ikifika Jumamosi jioni, mwanamke huyohuyo huvaa koti la ngozi ya bandia linalombana mabegani, akajipaka wanja mzito, akaketi nyuma ya dramu na kuzitwanga mpaka jasho limwingie viatuni. Bendi yao inaitwa Vumbi Lilelile. Nyimbo si zao. Ni bendi ya kuenzi: inapiga nyimbo za bendi moja ya roki ya zamani, Vumbi la Chuma, iliyovuma, ikagombana na kusambaratika kabla nusu ya mashabiki wake wa leo hawajazaliwa. Vumbi la Chuma walirekodiwa jukwaani mara moja tu. Kanda ya onyesho hilo mjomba wake Breki aliisahau kwenye redio ya sebuleni, akasafiri, asiirudie tena. Kaka yake alikuwa kijana wa shule wakati huo, Breki mwenyewe bado anang'oka meno ya utoto. Waliisikiliza kanda ile mpaka baba akatishia kuitupa redio nje pamoja nao. Kaka akajiundia gitaa la ubao na waya, Breki akayachukua mabeseni ya mama na miiko miwili. Zipo bendi zilizoanza vibaya zaidi ya hapo.

Bendi ina sheria moja tu, nayo aliiweka Kaka: kama kwenye kanda. Usidhani ni maneno ya kujisifu. Kwenye kanda, mwanzoni mwa wimbo wa pili, mpiga dramu wa Vumbi la Chuma aliangusha kijiti. Kinasikika kabisa kikigonga sakafu, ko, ko, kisha kikibingirika. Basi kila onyesho, mwanzoni mwa wimbo wa pili, Breki huangusha kijiti. Amejifunza kukiangusha kwa upande mnene ili kigonge vilevile. Kwenye kanda mwimbaji alikohoa katikati ya ubeti. Mwimbaji wao, ambaye siku za kazi huuza matairi na hana hata mafua, hukohoa papo hapo. Kwenye kanda mpiga besi aliwahi kuingia katika wimbo wa tano, akajikuta peke yake kama mgeni aliyefika kwenye harusi siku moja kabla. Na mpiga besi wao, karani mkimya asiyekosea hata nukta ofisini, hukosea hapohapo kila wiki kwa uaminifu mkubwa. Ukiuliza kwa nini wasirekebishe, Kaka alikuwa na jibu la maneno mawili: kanda haikosei.

Na watu wanapenda! Kijiti kikianguka, ukumbi mzima hulipuka kana kwamba goli limefungwa. Mashabiki wale wanaijua kanda kwa moyo, na mkali wao ni fundi mmoja wa lifti waliyempachika jina la Mkaguzi. Alikuwa akisimama mbele kabisa, mikono kaikunja kifuani, hachezi, haimbi, hacheki. Onyesho likiisha, huyo nyuma ya jukwaa na ripoti yake. "Kikohozi cha leo kilikuwa kifupi," angesema. Au: "Kijiti kimegonga mara moja. Kwenye kanda ni mara mbili." Mwimbaji aliapa kwamba siku moja angemkoholea usoni. Lakini Kaka alimpenda. Alijua pia kwamba Mkaguzi ana gitaa nyumbani, na kwamba kila noti ya kanda ile imo vidoleni mwake.

Kaka ni kinyozi. Mungu naye ana utani wake, kwa sababu kinyozi huyu ana upara unaong'aa kuliko kioo cha duka lake, na mpiga gitaa wa Vumbi la Chuma alikuwa na nywele hadi kiunoni. Kwa hiyo kila Jumamosi alifagia nywele za wateja, akafunga duka, akaenda kuvaa nywele za kununua. Wateja walimtania mpaka wakachoka. Yeye hakujali. Akishavaa wigi lile na kuning'iniza gitaa, mgongo ulinyooka, na Breki aliyekuwa nyuma yake aliuona mgongo huo akajua kwamba usiku wa leo mambo yatakuwa mazuri.

Wimbo wa mwisho kwenye kanda unaitwa "Daraja". Karibu na mwisho, vyombo vyote hunyamaza kwa mpigo mmoja. Gitaa hubaki peke yake, likasema maneno machache ya chini, dramu ikaitika kwa pigo zito, kisha gitaa hupanda noti kwa kasi, moja juu ya nyingine, mpaka watu wapagawe. Hapo ndipo Kaka alipokuwa Kaka. Na hapohapo ndipo alipoanza kukwama.

Mara ya kwanza mazoezini alisema nyuzi ni mpya. Mara ya pili alisema baridi. Breki, kama kawaida yake, alisimamisha kila kitu. "Kaka, umechelewa. Rudia." Akarudia, akachelewa tena. Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo, na Breki, aliyekuwa ametoka kushinda na mwanafunzi asiyejua kulia na kushoto, uvumilivu ukamwishia. Alimwambia mbele ya wote, "Basi fanya mazoezi nyumbani kama sisi wengine!" Mwimbaji akatazama viatu vyake. Kaka akasema, "Sawa," akaukaza uzi ambao haukuwa umelegea.

Siku chache baadaye, Breki yuko garini mbele ya chuo chake akimsubiri mwanafunzi, mlango wa dereva ukafunguliwa na mke wa Kaka akaingia, akaketi mbele ya usukani.

"Wifi!" Breki akacheka. "Leo umekuja kujifunza? Funga mkanda basi."

"Nimekuja kukwambia jambo, wifi yangu, na yeye asijue kama nimekwambia." Alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili kana kwamba gari linakwenda. "Mkono wake unatetemeka. Wa kushoto. Vidole vinakuwa vigumu, vinakataa. Tumekwenda hospitali, wamesema ni mishipa ya fahamu. Dawa za kutuliza zipo. Za kuponya hazipo."

"Lakini kazini..."

"Kazini kunyoa ndevu kwa wembe ameacha. Hawezi kuivuta ngozi ya mtu ikatulia. Anawadanganya wateja kwamba wembe siku hizi unaleta vipele."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya hizo nyuzi mpya," alisema wifi.

Breki alijikuta amekanyaga breki ya upande wake kwa nguvu zote, na gari limezimwa. Aliyakumbuka maneno yake ya mazoezini, neno kwa neno, na kila neno lilimchoma. Alitaka kulia lakini mwanafunzi wake alikuwa ameshafika, amesimama dirishani na tabasamu la woga. Siku hiyo kijana wa watu alipanda ukingo wa barabara mara mbili bila kukanyagiwa breki, akarudi nyumbani ameingiwa na wasiwasi kwamba mwalimu wake ni mgonjwa.

Wenzao hawakuwa vipofu. Onyesho la mwaka katika ukumbi wa wafanyakazi lilikuwa linakaribia, lile linalojaza watu mpaka madirishani, na mwimbaji alikuwa ameshazungumza na Mkaguzi. "Sisemi atoke kabisa," alimwambia Breki huku akizungusha funguo kidoleni. "Nasema apumzike. Mwambie wewe. Wewe ni damu yake. Na tusidanganyane, wewe ndiye unayeilinda kanda kuliko sisi sote."

Mpiga besi, ambaye hata salamu huitoa kwa nyusi, akaziinua.

Breki alikwenda dukani kwa Kaka mchana, saa ambazo wateja ni wachache. Alikuta mzee mmoja anamaliziwa kisogo kwa mashine. Kaka alifanya kazi kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa aproni. Mzee alipoondoka, Kaka alikikung'uta kitambaa, akakipigapiga kiti.

"Kaa. Kisogo chako kinatia aibu."

Akakaa. Kitambaa kikafungwa shingoni, mashine ikaanza kunguruma nyuma ya sikio. Kwenye kioo Breki aliuona mfuko wa aproni ukichezacheza, kana kwamba mna panya ndani, akaondoa macho haraka.

"Wifi yako amekwambia," alisema Kaka.

"Hajaniambia chochote."

"Tangu utotoni ukidanganya unakunja pua. Na wale wengine wamekutuma?"

"Wamenituma."

"Mkaguzi?"

"Anasema hataki kukuvunjia heshima. Lakini yuko tayari."

"Anapigaje?"

"Kama kwenye kanda."

"Basi vizuri." Alizima mashine. "Nipeni onyesho hili moja. Baada ya hapo gitaa ni lake, wala sitanuna. Ila nakuomba jambo, mdogo wangu. Nikikwama kwenye 'Daraja', usinisubiri. Pale pa kuitika, itika, wimbo upite. Ukinisubiri watu wote watajua. Mimi nataka kuondoka kama kwenye kanda."

"Kaka, yale maneno niliyokwambia mazoezini..."

"Ulisema kweli. Nilikuwa nimechelewa."

"Nisamehe."

"Niahidi kwanza."

Akaahidi. Kaka akampangusa nywele shingoni kwa brashi, kama alivyompangusa akiwa mtoto, alipokuwa akimfanyia majaribio ya kunyoa na kumharibu kichwa mpaka shuleni wakamcheka. Breki alitoka pale na kisogo safi na moyo mzito, akaketi garini muda mrefu bila kuwasha.

Jumamosi ilipofika, ukumbi wa wafanyakazi ulijaa watu jua halijatua. Kwa ajili ya majirani, maonyesho pale huanza mapema. Mkaguzi alikuwa mahali pake mbele, mikono kifuani, na safari hii uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri nje ya wodi. Wifi alisimama ukutani na mkoba wa Kaka, ndani mna dawa na chupa ya maji.

Walianza. Kaka alipiga. Nyimbo za mwanzo ni za mkono wa kulia zaidi, za kukwaruza na kuachia, na zilikwenda. Wimbo wa pili, kijiti kikaanguka, ko, ko, ukumbi ukalipuka. Mwimbaji alikohoa kikohozi kirefu cha heshima. Wimbo wa tano mpiga besi aliwahi kuingia, akabaki peke yake, akachekwa kwa upendo. Breki alipiga huku macho yakiwa kwenye ule mgongo. Ulikuwa umenyooka. Katikati ya nyimbo Kaka aliuning'iniza mkono wa kushoto na kuukung'uta kidogo, kama mtu anayekausha maji, na watu wakadhani ni mbwembwe.

Kisha "Daraja". Ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio, na vyombo vyote vikanyamaza kwa mpigo mmoja. Kaka akabaki peke yake.

Hakikutoka kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa, wigi limemfunika uso, vidole vya kushoto vimekakamaa shingoni mwa gitaa, vinatetemeka, havishuki. Breki alijua hesabu zake. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya pedali ya dramu kubwa. Muda wa kuitika ulifika. Mwimbaji aligeuka akamtazama. Mpiga besi akamtazama. Alikuwa ameahidi, na sheria ilikuwa sheria, na maisha yake yote, mahali kama pale, mguu ule ulikuwa umekanyaga.

Aliuondoa kwenye pedali, akauweka chini.

Akainama mbele, akasema maneno mawili matatu kwa sauti ndogo, ya ndugu kwa ndugu, akiamini hakuna mwingine aliyeyasikia. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kabisa. Wale watu wanaijua kanda kwa moyo. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba hapo hapana kimya. Nyuma kabisa mtu alikiburuta kiti ili aone vizuri. Mkaguzi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona hivyo, alikuwa ameishusha mikono yake.

Kaka alivuta pumzi. Akaviteremsha vidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka vikatua. Maneno ya chini ya gitaa yakatoka, polepole kuliko yalivyowahi kutoka. Breki akaitika polepole vilevile. Halafu gitaa likaanza kupanda. Halikukimbia. Lilipanda kama mtu aliyebeba mzigo ngazini, akipumzika kila ngazi, na dramu ikimngoja kila ngazi, na besi, na mwimbaji amefumba macho. Noti nyingine ziliachwa. Nyingine zilitetemeka. Lakini kwa ule mwendo watu waliisikia kila noti, na wengi walikuwa hawajawahi kuzisikia, maana siku zote zilikuwa zinapita mbio. Alipofika juu, ukumbi haukulipuka mara moja. Ulichelewa kidogo, kisha ukapiga makofi mpaka vioo vya madirisha vikalia.

Nyuma ya jukwaa wote walimsubiri Mkaguzi na ripoti yake. Alifika macho mekundu.

"Leo sikukagua," alisema, akaenda zake.

Kaka alikuwa amekaa juu ya spika, wifi anampa maji. Akamgeukia Breki.

"Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Ukanisubiri."

"Nikakusubiri."

Akavua wigi lililolowa jasho, akamvisha Breki kichwani.

Mazoezi yaliyofuata Mkaguzi alikuja na gitaa lake, amevaa shati la kupigwa pasi kama anakwenda usaili. Kaka naye alikuja, akakaa pembeni juu ya kreti. Walipofika "Daraja", vyombo vyote vikanyamaza, na Mkaguzi akapiga palepale, kwa kasi ileile, bila doa. Breki akasimamisha kila kitu.

"Umewahi."

"Nimewahi?" Mkaguzi alitoa macho. "Haiwezekani. Kwenye kanda..."

"Kanda ipi?"

Hapo mpiga besi, yule wa salamu za nyusi, akafungua mdomo. "Ipo," alisema. Akatoa mfukoni kinasa sauti kidogo, akakiunganisha kwenye spika. Kumbe miaka yote alikuwa akiyanasa maonyesho yao, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wakasikiliza. "Daraja" ikaenda, vyombo vikanyamaza, kikaja kile kimya. Kwenye spika kilikuwa kirefu kuliko walivyokikumbuka. Kiti kikaburutwa. Halafu, karibu sana, kwa sababu maikrofoni ya dramu ilikuwa wazi muda wote, ikasikika sauti ya mwanamke, ndogo, isiyo na ukali hata chembe:

"Nipo, Kaka. Njoo taratibu."

Breki alijifunika uso kwa mikono. Alitamani ardhi ipasuke. Mwimbaji aligeukia ukuta na kujifanya anakohoa, na kwa mara ya kwanza kikohozi chake kilikuwa cha kweli. Kaka alisikiliza mpaka noti ya mwisho, kisha akamgeukia Mkaguzi.

"Umeisikia? Jifunze hivyo."

"Zile noti zilizoachwa pia niziache?"

"Kanda haikosei," alisema Kaka. "Na wewe, mdogo wangu, hayo maneno nayo yamo. Utayasema."

Tangu hapo "Daraja" ya Vumbi Lilelile ina kimya. Wageni hudhani kuna hitilafu ya umeme, wenyeji huwanyamazisha kwa vidole. Wifi amepewa kazi ya kuburuta kiti, na anajivunia kama mwanabendi kamili. Breki huinama kwenye maikrofoni na kuyasema maneno yale kwa mtu ambaye hayupo tena jukwaani. Yuko mbele kabisa, hatua chache tu, mahali alipokuwa akisimama Mkaguzi, upara unang'aa, mikono kaikunja kifuani kwa nguvu, ule wa kushoto kaubana kwapani ili utulie. Hachezi, haimbi, hacheki.

Onyesho likiisha, huyo nyuma ya jukwaa na ripoti yake.

"Kikohozi, sawa," alisema juzi. "Kijiti, sawa. Kiti kimeburutwa kwa pupa."

"Kwa pupa!" Wifi akashika kiuno. "Basi Jumamosi ijayo kaburute mwenyewe."

Kaka alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamtazama Breki, aliyekuwa anafuta wanja kwa kitambaa na kujifanya hasikii.

"Na wewe umewahi kuniita," alimwambia. "Siku ile ulinisubiri zaidi."